Sanduku la Kimya la Fundi Hezroni

Mtu akizikwa kwetu husomewa wasifu: kazaliwa lini, kabatizwa wapi, kasoma wapi, kaugua nini, na saa yake ya mwisho ilikuwaje. Hiyo saa ya mwisho ndiyo watu huisubiri. Wanaacha kunong'ona, kina mama wanakaza khanga, wanataka kujua marehemu alisema nini na alikuwa na nani. Wasifu wa Asheri ulisomwa huko Mamba, milimani Upareni, mwezi wa kwanza mwaka jana, na maneno ya saa yake ya mwisho niliyatoa mimi. Hayakuwa kweli. Nimekaa nayo mwaka mzima na nimechoka kukaa nayo, kwa hiyo naandika ilivyokuwa, na siwezi kuanza na Asheri kabla sijamtaja baba yake.

Baba yake ni Hezroni, fundi sanduku. Hapa Same, nyuma ya stendi, hata mpiga debe mgeni atakuonyesha karakana yake. Anatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, ya bluu na ya kijani, yenye komeo mbili na jina la mtoto kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko. Majiko anatengeneza, mabomba ya moshi anatengeneza, lakini jina lake limetokana na masanduku. Mimi ni Ernesta, fundi cherehani, na tumepanga jengo moja miaka kumi na tisa. Karakana yake iko mbele, vyumba vyake viwili viko nyuma, na chumba ninachoshonea kimepakana na chumba alichokuwa akilala Asheri. Ukuta wenyewe ni wa tofali moja. Mtu akipiga chafya kule, huku unamwombea afya.

Miaka thelathini na nane ya kugonga bati imemla masikio yote mawili. Ukimwambia, anakasirika. "Mimi sijawa kiziwi," anasema kwa sauti ya kusikika hadi barabara kuu, "nyinyi watu wa siku hizi ndio mnanong'ona." Wenzetu hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hezroni kesi yake ni na masikio yake mwenyewe, na hajakubali kushindwa mpaka leo. Mtaa mzima umejifunza kumgusa bega kwanza, kusimama mbele yake, na kusema taratibu ili asome midomo. Midomo anaisoma kuliko wengi wanavyosoma gazeti.

Mkewe Beatha alitangulia mapema, Asheri akiwa darasa la sita. Mtoto alikuwa huyo mmoja. Hezroni alimlea, akamsomesha kwa masanduku ya watoto wa wenzake mpaka chuo cha kompyuta Dar es Salaam. Mwaka wa pili wa chuo, likizo, Asheri alipanda Mamba kumsalimia bibi yake. Wakati wa kushuka mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda ikateleza kwenye kona, dereva akachubuka magoti na Asheri akavunjika shingo. Alirudi kutoka hospitali baada ya miezi mitano, amelala chali. Miguu hakuna. Mikono ilinyanyuka, lakini vidole vilivyomtii vilikuwa vitatu tu, viwili vya kulia na gumba la kushoto. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Wenzake wa chuo walimletea kompyuta yake kwa basi. Aliiunga mwenyewe Dar kwa vipande vya mitumba, ya kuchezea gemu, pandikizi la kompyuta lenye urefu wa kunifikia kiunoni. Baba yake alimtengenezea meza ya kupita juu ya kitanda na kipanya chenye kishikio cha bati cha kufungwa kiganjani. Alicheza mpira humo, yeye na vijana wa Arusha, Mwanza, hata Nairobi, wakisikilizana kwa hedifoni. Nilikuwa namchungulia. Kijana asiyeweza kujigeuza kitandani alikuwa winga wa kulia, anakimbia mpaka kwenye kibendera. Siku nyingine nilirudi chumbani kwangu nikalia, siku nyingine nilicheka, maana matusi aliyowatukana mabeki Beatha hakumfundisha.

Tatizo lilikuwa kelele. Same ni joto na vumbi. Lile pandikizi lilivuta vumbi la stendi nzima, na likipata joto feni zake zilinguruma kama mashine ya kusaga. Hezroni hakuisikia. Mimi niliisikia ukutani, nikaizoea.

Nisichokizoea kilikuwa kifua cha Asheri. Mtu aliyevunjika shingo hawezi kukohoa kwa nguvu. Makohozi yakimjaa lazima mtu ambonyeze chini ya mbavu wakati anajaribu, tena upesi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea kanisani. Alikuwa na simu, lakini mikono yake ilishtuka yenyewe na simu ikaishia chini ya kitanda kila mara. Tukamfunga kengele ya mbuzi mkononi, Hezroni aliitoa kwa mfugaji wa Kwakoa. Mkono ukishtuka, kengele inalia, nakimbia, nakuta anacheka: "Samahani Mama Agatha, si mimi, ni mkono." Baada ya wiki tatu nilikuwa siamki tena ikilia. Tukaivua, maana kengele isiyoitikiwa ni mbaya kuliko kukosa kengele. Ikabaki sauti yake na masikio yangu, kwa sababu masikio ya baba yake hayakuwapo. Agatha ni binti yangu, kaolewa Mwanga, na mpaka Asheri alipougua nilidhani nimemaliza kulea.

Siku moja ya mwezi wa tano nilimpelekea uji nikamkuta midomo imebadilika rangi. Nilimbonyeza mpaka nikahisi mbavu zinalia. Alipopata pumzi alisema, "Nimekuita tangu saa tatu." Ilikuwa saa tatu na nusu. Nusu saa nzima niliketi nyuma ya tofali moja nikitia vifungo, na lile dubwana likinguruma katikati yetu.

Nilikwenda karakana, nikamshika Hezroni bega nikamwambia. Alisoma midomo yangu mpaka mwisho, akaweka nyundo chini.

"Kwani hiyo kompyuta ina kelele?" aliuliza.

Nilikunjua vidole vyote vitano mbele ya uso wake. "Kama kinu cha mahindi, Baba Asheri."

Aliona aibu. Si ukiziwi uliomtia haya, bali kwamba kitu kimenguruma miaka miwili ndani ya nyumba yake kikimfunika mwanawe, naye anakipangusa vumbi. Tungeweza kuizima hiyo kompyuta, ndiyo, nalisema kabla hujalisema. Hezroni alilisema pia. Asheri alimtazama, akasema, "Baba, ukiizima hiyo, mimi nabaki nafanya nini?" Hatukulirudia.

"Basi nitaitengenezea sanduku lake," Hezroni akasema. "Dogo, lisiloongea."

Ndivyo alivyoanza. Asheri alimwelekeza alivyolala, baba akafungua vitu vyote akavitandaza kitandani juu ya shuka. Asheri alimweleza kwamba kelele si ya umeme, ni ya upepo. Feni ndogo hukimbia sana kwa sababu hewa haipiti, njia zimeziba. Weka feni kubwa inayozunguka polepole, ipe njia pana, itatoa joto lile lile bila kupiga kelele. Vinavyochemka ni viwili, ubongo wa kompyuta na kadi ya picha, na vikikaa chumba kimoja vinapeana joto. Na lisiwe kubwa, maana lile la zamani lilikaa pale ambapo kiti cha magurudumu kilitakiwa kugeuka.

Hezroni alifikiri siku mbili. Huyu mtu amezaliwa juu Mamba, baba yake alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, yafunguliwe asubuhi kwa zamu yaende mashambani. Udogo wake wote aliupitisha kwenye mifereji na jembe begani. Kwa hiyo alipoambiwa hewa ipite, aliona maji. "Hewa ni maji tu," alisema. "Iwe na mlango mmoja wa kuingilia, mmoja wa kutokea, na isivuje njiani. Mfereji unaovuja haufiki shambani."

Akakata bati, akakunja sanduku lenye ujazo wa dumu la lita kumi hivi. Katikati akaweka ukuta wa bati: upande huu ubongo, upande ule kadi ya picha, kila kimoja na mfereji wake, visiibiane hewa. Waya bapa wa kuunganisha pande mbili Asheri aliuagiza Dar. Mpaka hapo, kwa kweli, hata Asheri alistaajabu. Lakini feni za kuingiza hewa Hezroni aliziweka juu, na tundu la kutokea akalitoboa chini.

"Baba, joto hupanda," Asheri alisema.

"Umeona wapi ndiva inajazwa kutokea chini?"

"Hii si ndiva."

"Nimechimba mifereji kabla hujazaliwa."

Walibishana siku nzima, Mpare na Mpare, mmoja hasikii na mwingine hana sauti. Nilikuwa nakwenda na kurudi kati yao nikitamka kwa midomo maneno ya Asheri, mpaka taya zikaniuma. Hezroni akashinda kwa sababu ndiye aliyekuwa na mikono. Sanduku likawashwa, Asheri akaanza mechi, na dakika ya kumi na tano ya mchezo kompyuta ikazima yenyewe kwa joto. Winga yuko mbele ya goli.

Asheri aliendelea kuitazama skrini iliyozimika. Hiyo ndiyo iliyomuuma Hezroni.

Kesho yake alikuja na gunzi la mahindi linalofuka. Kwa kuwa hakuweza kusikia hewa, aliamua kuiona. Akalishika gunzi kando ya sanduku, na moshi ukatuonyesha: unatoka moto chini, unapanda ubavuni, unaingia tena juu. Sanduku lilikuwa linavuta pumzi yake lenyewe. Hezroni aliutazama moshi muda mrefu. Huyu ndiye fundi aliyetengeneza mabomba ya moshi ya nusu ya majiko ya Same.

"Nimekuwa mjinga," akasema, kisha akalishika sanduku kwa mikono miwili akalipindua, miguu juu kichwa chini. "Haya. Ndiva imejazwa kutokea chini."

Asheri alicheka mpaka tukambonyeza kifua.

Akalitia miguu mirefu lipate kuvuta hewa kwa chini, na chini yake nikamshonea chujio la chandarua kwenye fremu ya waya, la kufuliwa kila Jumamosi, maana vumbi la Same haliombi ruhusa. Joto likaisha. Sasa ikabaki kelele, na hapo ndipo Hezroni alipokiri kwa mara ya kwanza. Hakulitaja lile neno. Aliniita tu, akaniweka kwenye kigoda mbele ya sanduku, akasema, "Mama Agatha, kwenye hili wewe ndiye masikio."

Tukakubaliana. Vidole vitano ni kinu. Kila nikisikia imepungua, nakunja kimoja. Ngumi ni kimya.

Siku ya kwanza nilionyesha vinne. Matundu ya hewa aliyatoboa kwa msumari, kama ya jiko, na kingo zake zilikuwa na meno, upepo ukapiga mluzi. Hakuusikia mluzi. Nilimchorea kwa midomo, nikapuliza, akaelewa. Akayakata yote akaacha madirisha mapana yenye wavu wa waya. Vidole vitatu. Bati lenyewe lilikuwa linatetemeka. Hilo alilipata mwenyewe, na namna alivyolipata sijaiona kwa fundi mwingine. Aliuma mpini wa bisibisi kwa meno, akagusisha ncha yake kwenye bati, akafumba macho. Mtetemo ulimpanda kwa taya mpaka ndani ya kichwa. Alizunguka sanduku lote namna hiyo, inchi kwa inchi, akitia alama ya chaki kila alipousikia. Niliacha kushona nikamtazama. Mtu mzima, mvi kichwani, ameng'ata bisibisi anamsikilizia mwanawe kwa meno.

Alikata mpira wa ndani wa baiskeli akaweka chini ya kila skrubu ya feni. Alifanya bati kuwa mbili, katikati akatia blanketi langu la zamani. Vidole viwili. Akapunguza mwendo wa feni. Kimoja. Akabadilisha feni moja iliyokuwa inakwaruza. Wiki tatu zilipita hivyo, na wenye masanduku yao ya shule walikuja wakakuta hayajaguswa, wakamsema, naye alikuwa na bahati ya kutosikia.

Jaribio la mwisho alilipanga mwenyewe. Asheri acheze mechi ngumu kuliko zote, sanduku lifanye kazi mpaka lichoke. Mimi niende chumbani kwangu, nyuma ya ukuta, nifunge mlango. Asheri aniite kwa sauti yake ya kifua kilichojaa, ile ndogo kabisa. Yeye Hezroni asimame nje, katikati ya milango miwili, angoje.

Nilikaa kitandani. Nilisikia bodaboda stendini. Nilisikia kuku wa jirani. Halafu nikasikia, kana kwamba yuko humu ndani nami: "Mama Agatha."

Nilitoka mbio nikanyanyua ngumi juu. Hezroni aliitazama ile ngumi, akafunika uso kwa mikono yake iliyojaa makovu ya bati, akakaa chini pale pale mlangoni. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri.

Tukapata miezi saba. Nawaambia ukweli, ilikuwa mizuri. Mara tisa aliniita kifua kimejaa, mara tisa nilifika. Nilisikia anavyocheka, anavyowatukana mabeki, anavyopumua akilala mchana. Vijana wawili watatu wa Same walikuja kulitazama sanduku, wakaweka sikio, wakaguna. Asheri aliwaambia, "Fundi ni baba, mimi nililala tu."

Sasa nifike kwangu.

Desemba, Agatha aliniletea mota ya kufunga kwenye cherehani. Shule mbili zilikuwa zimenipa sare za wanafunzi wapya, na magoti yangu hayakanyagi tena kama zamani. Mota ilishona sketi wakati mimi nilikuwa bado natafuta mkasi. Lakini ilikuwa inalia. Ilipiga yowe jembamba lenye kutetemesha meza, na nikiikanyaga sikusikia hata redio yangu mwenyewe.

Asheri aliisikia siku ya kwanza. Nilipokwenda kumgeuza akasema, "Mama Agatha, sasa wewe ndiye unahitaji sanduku la baba."

"Nitamwambia," nilisema. "Shule zikifunguliwa."

Sikumwambia Hezroni. Yeye asingeisikia mota hata ningemwekea puani, na Januari ni msimu wake, masanduku yamepangwa hadi barabarani, anagonga tangu asubuhi. Nilijiambia nitashona kidogo, nisimame, nisikilize, nishone tena. Wiki ya kwanza nilifanya hivyo kweli. Kila kola moja, nasimama. Wiki ya pili wazazi walijaa mlangoni, nikawa nasimama kila kola kumi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilijua methali hiyo kabla ya kujua kushona.

Ilikuwa Jumanne, saa tano hivi asubuhi. Nilishona kola mfululizo. Uzi ulipokatika nilisimama, nikasikiliza ukuta. Kimya. Nikasema moyoni, anacheza. Nikatunga uzi nikaendelea. Saa saba nikachukua bakuli la makande nikaenda kwake.

Uso ulikuwa umegeukia ukutani, upande wangu. Sitasema zaidi juu ya uso. Mwili ulikuwa na joto bado, nilimbonyeza, nilimbonyeza, nilimbonyeza, na mbele, karakana, nyundo ya baba yake ilikuwa inagonga bila kukosea pigo. Sanduku lilikuwa linafanya kazi juu ya meza. Halikutoa hata mnong'ono.

Nilipoacha kumbonyeza nilisikia sauti nyembamba. Ilitoka kwenye hedifoni, bado ilikuwa kichwani mwake. Nikaivua nikaiweka sikioni. Msichana alikuwa analia.

"Haloo? Kuna mtu? Jamani, kuna mtu hapo?"

"Nipo," nikasema.

"Wewe ndiye Mama Agatha?"

Nikasema ndiye.

"Amekuita," akasema. Jina lake Diana, wa Arusha, winga wa kushoto. "Amekuita sana, mama. Sisi tulikuwa tunamsikia vizuri kabisa, hakuna kelele upande wake. Tulipiga mayowe huku labda mtasikia. Hatuna namba, hatujui anakaa wapi, tunamjua jina la kwenye gemu tu. Tukasikia mashine inalia kwa mbali, anakuita, mashine inalia, anakuita. Halafu akaacha."

Niliizima kompyuta. Nilikwenda mbele nikamshika Hezroni bega.

Tulimpandisha Mamba Alhamisi, kwa barabara ile ile. Mashamba ya tangawizi yalikuwa mabichi pande zote mbili. Mchana kabla ya maziko, ndugu walikaa kwenye mabenchi nje ya nyumba ya bibi yake kuandika wasifu. Rodrick, mdogo wake Hezroni, ndiye aliyeshika kalamu. Kuzaliwa wakaandika, ubatizo wakaandika, shule, ajali. Wakafika kwenye saa ya mwisho, kalamu ikasimama, wote wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwapo.

Hezroni alihamisha kigoda chake akaja kukaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Alinitazama mdomoni.

"Mama Agatha," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alisema polepole. "Aliita?"

Nilifungua mdomo. Nikaona macho yake yanavyoushika, nikajua kwamba midomo yangu ikitamka uongo ataukamata kabla haujatoka. Mtu huyo anasoma midomo kama alivyosoma moshi. Nikaufunga mdomo, nikanyanyua mkono wa kulia, nikakunja vidole vyote vitano.

Ngumi.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, mara mbili. Mabega yake yakashuka. Akamgeukia Rodrick akasema kwa sauti yake ile ya kusikika barabarani, "Andika hivyo. Alilala kwa amani, hakuita mtu. Angeita, Mama Agatha angesikia." Rodrick akaandika, na Ijumaa mchungaji akayasoma yote mbele ya kaburi, na kina mama wakashusha pumzi.

Niliporudi Same niliifungua mota nikampa Agatha aende nayo. Nakanyaga kwa miguu, magoti yalie yanavyotaka. Hezroni hajaniuliza mota imekwenda wapi, kwa sababu hakujua kwamba iliwahi kuwapo. Sijamwambia. Mara nyingi nimesimama mbele yake asubuhi nikiwa nimeshaligusa bega lake, akageuka akanitazama mdomoni, nikamwambia chai iko tayari.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa dukani, Jabiri, alimwomba amtengenezee sanduku kama lile. Hezroni alikataa mara tatu, mara ya nne akakubali. Alilifanya upesi, mikono ilishajua. Jana aliniita, akaniweka kwenye kigoda kile kile.

"Sikiliza," akasema. "Sitampa mtu kitu kabla wewe hujasikiliza. Masikio yako hayajawahi kunidanganya."

Akaliwasha. Nilisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na skrubu moja imelegea, kwa mbali sana, hata Jabiri mwenyewe asingeisikia. Nilinyoosha kidole kimoja, naye akachukua bisibisi, akauma mpini, akaanza kuitafuta.